Agner Krarup Erlang: Mwanahisabati wa Foleni

Agner Krarup Erlang alizaliwa tarehe 1 Januari 1878 katika kijiji cha Lønborg, nchini Denmark, babake akiwa mwalimu wa shule ya kijijini. Jioni alishiriki kitabu kimoja na nduguye: mwenzake akikisoma ipasavyo, yeye akikisoma kutoka upande wa pili, kichwa chini miguu juu. Aliipenda elimu ya nyota na kuitungia mashairi. Hilo pekee latosha kumpa nafasi katika kurasa hizi.

Akiwa na umri wa miaka 14 alifaulu mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Alihitimu mwaka 1901, akafundisha shuleni, kisha mwaka 1908 akajiunga na Kampuni ya Simu ya Copenhagen.

Hapo ndipo alipokutana na swali lililoyatawala maisha yake. Nyaya zilikuwa chache kuliko wateja. Kuziongeza kulikuwa gharama. Kuzipunguza kulikuwa kuwafungia watu mlango. Mwaka 1909 alionyesha kuwa simu zipigwazo bila mpango hufuata kanuni ya bahati nasibu iliyokwisha kuelezwa na Mfaransa Poisson. Mwaka 1917 alichapisha fomula za kukadiria ni wapigaji wangapi watakaokosa nafasi, na wangojao watangoja kwa muda gani. Wala hakuwa mtu wa mezani tu: alizunguka mitaani, mfanyakazi akimfuata na ngazi, akiteremka mashimoni kupima umeme wa nyaya.

Hakuoa. Wahitaji walimfuata hadi kazini, naye akawasaidia kimyakimya. Alifariki tarehe 3 Februari 1929, akiwa na miaka 51. Mwaka 1946 kipimo cha shughuli za simu kilipewa jina lake.

Hata hivyo, fomula zake zilipima kungoja, si nani astahiliye kutangulia. Swali hilo lilirudi kwa kishindo katika intaneti, na mwaka 1989 Demers, Keshav na Shenker walieleza foleni ya haki, ambayo huweza kutiwa uzani. Kila mkondo una foleni yake. Ukubwa wa pakiti hugawanywa kwa uzani wa mkondo, na yenye jumla ndogo hutangulia. Mathalani, pakiti ya sauti ya baiti 200 yenye uzani wa 4 hupata 50. Ya faili ya baiti 1,500 yenye uzani wa 1 hupata 1,500. Sauti hutangulia, lakini kila pakiti yake mpya huongeza 50 juu ya iliyotangulia, hivi kwamba baada ya pakiti 30 hivi faili nayo hupata zamu.