John Goodricke: Kiziwi Aliyeipima Nuru ya Nyota

John Goodricke alizaliwa mwaka 1764 mjini Groningen, Uholanzi, katika ukoo wa Kiingereza. Angali mtoto mdogo aliugua sana, akawa kiziwi. Zama zile watoto viziwi wengi waliachwa bila elimu. Yeye alipelekwa Edinburgh, katika shule ya Thomas Braidwood iliyofundisha viziwi, kisha akaendelea na masomo Warrington pamoja na vijana wanaosikia.

Huko York, jirani yake Edward Pigott alimwongoza katika kuangalia nyota zinazobadili nuru. Usiku wa tarehe 12 Novemba 1782, Goodricke aliiona nyota iitwayo Algol imefifia. Hakuishia kustaajabu. Aliitazama usiku baada ya usiku, akailinganisha na nyota za jirani zisizobadilika, na kuandika saa ya kila badiliko. Hatimaye aliung'amua utaratibu wake: kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 hivi, nuru ya nyota hiyo hupungua hata isifikie theluthi moja, kisha hurudi, na yote hayo hutimia kwa saa 10 hivi. Alikisia kwamba pengine gimba lenye giza huizunguka na kuikinga.

Mwaka 1783 alitunukiwa Nishani ya Copley na Jumuiya ya Kifalme ya London, kabla hajatimiza miaka 20. Alifariki Aprili 1786, mwenye umri wa miaka 21. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann Vogel alithibitisha kwamba Algol ni nyota mbili zinazozungukana, na ile hafifu hupita mbele ya mwenzake.

Sisi walimu tunaweza kuifuata kazi hiyo hata hapa Tabora. Mwezi Septemba, kabla ya mapambazuko, wakati ambapo misafara ya kale iendayo Bagamoyo au Ujiji ilijiandaa kufunga mizigo, tuelekee kaskazini na kukitafuta Kilimia. Tukinyoosha mkono, Algol iko chini yake, upande wa kushoto, umbali wa shibiri moja hivi. Darubini haihitajiki, daftari na saa vinatosha. Kila mwanafunzi aandike alichokiona kabla ya kuuliza jibu la mwenzake. Huenda wakangoja siku nyingi kabla ya kuiona ikififia. Na kungoja huko ni sehemu ya somo.

Lakini liko fundisho kubwa zaidi. Mwaka 1963 shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa papa hapa Tabora. Hata hivyo, si kila mtoto asiyesikia hutambuliwa mapema. Wengine huketi nyuma ya darasa, wakiitwa hawaitiki, nao huhesabiwa kuwa wazito wa akili. Kabla hatujampa mtoto jina hilo, yatupasa kwanza tuchunguze kama anatusikia.