Lord Kelvin, Mpimaji wa Waya wa Baharini

William Thomson alizaliwa mjini Belfast, katika Ayalandi, mwaka wa 1824. Mama yake alikufa yeye akiwa na umri wa miaka 6. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu, naye aliwafundisha watoto wake mwenyewe. Baba huyo alipopata kazi katika chuo kikuu cha Glasgow, katika Uskoti, walihamia huko wote. Na William akaanza masomo chuoni humo akiwa na miaka 10 tu.

Alipokwisha kusoma Cambridge alikwenda Paris, akafanya kazi pamoja na Regnault, mtu stadi wa kupima joto na mvuke. Huko alizoea kutokubali jambo kwa kukisia, ila kwa kulipima. Mwaka wa 1846 alifanywa profesa huko Glasgow. Hapakuwa na chumba cha majaribio. Basi alitwaa ghala kuukuu ya mvinyo, na wanafunzi wake wakafanya kazi humo.

Siku zile watu walitaka kulaza waya wa simu chini ya bahari, toka Ayalandi mpaka Amerika. Waya ulikuwa wa shaba, umevikwa utomvu wa mti ili umeme usivuje majini, na nje umezungushiwa nyuzi za chuma. Thomson alipima vipande vya shaba. Kwa macho vilikuwa sawa, lakini vingine vilipitisha umeme vibaya sana. Alitaka shaba yote ipimwe kwanza. Lakini sehemu kubwa ya waya ilikuwa imekwisha kutengenezwa, na wenye kampuni walikuwa na haraka.

Waya ulifika pwani zote mbili tarehe 5 Agosti 1858. Thomson alikuwa amebuni chombo cha kupimia: kioo kidogo chenye sumaku, kimening'inizwa kwa uzi wa hariri. Umeme mdogo kabisa ulipopita, kioo kiligeuka, na nukta ya mwanga ikasogea. Lakini Whitehouse, fundi mkuu wa umeme wa kampuni, alitumaini nguvu nyingi, akatia umeme wa volti kama 2,000. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani, maneno yasiyotimia 100, zilichukua saa 16. Baada ya majuma machache waya, uliokuwa na kasoro tangu mwanzo, ulinyamaza kabisa. Fedha nyingi zikapotea.

Thomson hakukata tamaa. Waya mwingine ulitengenezwa, na safari hii shaba ilipimwa kiwandani. Mwaka wa 1865 ulipakiwa katika meli kubwa, Great Eastern. Wapimaji walikesha wakiangalia nukta ya mwanga; ikionyesha kasoro, meli ilisimama na waya ukavutwa mpaka kasoro ionekane. Hata hivyo waya ulikatika, ukazama. Mwaka uliofuata walirudi na waya mpya, nao ulifika Newfoundland tarehe 27 Julai 1866. Kisha waliuopoa ule uliozama, wakaumaliza nao pia.

Mwaka huo Thomson alipewa heshima ya Sir, na mwaka wa 1892 akawa Lord Kelvin. Mwaka wa 1879 waya wa baharini ulifika hata Unguja kutoka Aden. Aliendelea kufundisha Glasgow mpaka 1899, akafa mwaka wa 1907, akazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey, karibu na kaburi la Newton.

Kazi isiyopimwa nchi kavu hupimwa na bahari, na bahari haina huruma.