Andre the Giant: Jitu lililokubali kuanguka

MASHABIKI wa soka tuna ugonjwa mmoja ambao haujapata dawa. Mchezaji anatamba miaka 10, halafu msimu wa mwisho magoti yanagoma, anapoteza pasi mbili tatu, na kijana aliyeanza kuangalia mpira msimu huohuo anakaa kijiweni na kutangaza kwamba jamaa hakuwa lolote.

Kwenye mieleka ya kulipwa, aliyeonewa zaidi na ugonjwa huu ni Andre the Giant. Wengi wetu tulimjua kupitia kanda za mwishoni mwa miaka ya 1980. Tuliona mtu mzito ndani ya vazi jeusi la bega moja, anatembea taratibu, anashika kamba za ulingo kama mzee anayeshika ukuta usiku umeme ukikatika. Ndiyo maana hadi leo ubishi hauishi. Kuna wanaomwita mfalme wa mieleka, na kuna wanaosema lilikuwa gogo tu lililobebwa na urefu wake.

Kabla hujachagua upande, mfuatilie kuanzia mwanzo.

Jina lake halisi ni André René Roussimoff. Alizaliwa Mei 19, 1946 Coulommiers, mashariki mwa Paris, Ufaransa, na akakulia Molien, kijiji kidogo cha wakulima. Baba yake alitokea Bulgaria, mama yake Poland. Aliacha shule mapema akashika kazi za shamba. Mwili ulikuwa unakua bila breki, na bado akiwa mtoto alikuwa amewapita watu wazima wengi wa kijijini kwake.

Alipohamia Paris, mchana alibeba samani za watu wanaohama nyumba na usiku alijifunza mieleka. Alianza kupanda ulingoni katikati ya miaka ya 1960, na jina lililompa umaarufu Ufaransa ni Géant Ferré, lililotokana na shujaa mwenye nguvu wa hadithi za kale za nchi hiyo. Mwaka 1970 akaenda Japan, ambako walimwita Monster Roussimoff.

Andre wa siku hizo ndiye ambaye wengi hawajamwona. Alikuwa mwepesi. Aliruka na kumpiga mpinzani kwa miguu yote miwili, jambo ambalo hata wanamieleka wa kilo 100 wanalifanya kwa kujipanga. Alikimbia, aligeuka, alijua kushika na kushikwa. Anayemwita gogo anazungumzia mtu wa miaka 15 baadaye.

Kutoka Japan akaingia Canada, akaweka makazi Montreal na kujaza kumbi. Baadaye watu wakaanza kupungua. Ukiwa na mtu ambaye hakuna anayeonekana kuweza kumpiga, mwezi wa kwanza watu wanashangaa, mwezi wa sita wameshamzoea. Ni kama timu inayoshinda 6-0 kila wiki; hata mashabiki wake wanaanza kuchelewa kuingia uwanjani.

Aliyepata jibu ni Vincent McMahon, baba wa yule Vince tuliyemzoea kwenye WWE. Mwaka 1973 alimchukua Andre na kumpandisha Madison Square Garden, New York. Wakati huo mieleka ya Marekani iligawanywa kwa maeneo, na kila eneo lilikuwa na promota wake, mabingwa wake na televisheni yake. McMahon hakutaka Andre akae sehemu moja. Alimkodisha. Wiki hii Texas, wiki ijayo Florida, kisha Japan, kisha Australia. Kila mji ulimwona mara chache kwa mwaka, hivyo kila alipofika alikuwa mgeni na muujiza ulikuwa mpya. McMahon pia alimtaka aache kurukaruka. Jitu, kwa hesabu zake, halikimbii. Jitu linasimama na wengine wanaligonga.

Mpango huo ulilipa. Kwa miaka ya 1970 hakukuwa na jina lililotembea dunia nzima kwenye mieleka kama lake. Juni 1976, kwenye usiku uleule wa pambano la Muhammad Ali na Antonio Inoki kule Tokyo, Andre alikuwa Shea Stadium, New York, akipambana na Chuck Wepner, bondia ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amefika raundi ya 15 na Ali. Andre alimnyanyua akamrusha nje ya kamba, pambano likaisha. Mwaka huohuo alionekana kwenye mfululizo wa televisheni wa The Six Million Dollar Man akiwa dubwana la msituni.

Hapo ndipo wabishi wa takwimu wanaponyoosha vidole, na tuwape haki yao. Waandaaji walimtangaza kuwa na urefu wa mita 2.24, kipimo ambacho wengi wanaamini kiliongezwa chumvi. Walisema hakuwahi kupoteza pambano kwa miaka 15. Hilo si kweli. Mwaka 1984 Canek alimshinda Mexico, na Juni 1986 Inoki alimkunja mkono mpaka akasalimu amri pale Nagoya. Walisema pia kwamba hakuna aliyewahi kumbeba na kumbamiza, wakati Hulk Hogan alishafanya hivyo Shea Stadium mwaka 1980, ingawa siku hiyo Andre ndiye aliyeshinda.

Na mkanda wa dunia? Aliushika mara moja tu. Februari 5, 1988, mbele ya watazamaji wa televisheni wanaokadiriwa kufika milioni 33, refa alihesabu tatu huku bega la Hogan likiwa limeinuka waziwazi. Andre akavishwa mkanda, na hazikupita dakika tano akaukabidhi kwa tajiri Ted DiBiase aliyekuwa amemnunua. Ubingwa ukafutwa, mkanda ukaachwa wazi. Kwa anayehesabu makombe, kabati la Andre halijai.

Ila mieleka haihesabiwi hivyo. Kwetu sisi wa soka, kupanga matokeo ni kosa la kufungiwa maisha. Kwa wenzetu, mshindi anajulikana kabla watu hawajakata tiketi, na kazi ya mwanamieleka ni kuwafanya waliokaa jukwaani waamini. Kwa hiyo swali zito kwenye mieleka ni nani alikubali kushindwa, lini, na kwa ajili ya nani. Mtu wa zaidi ya kilo 200 hanyanyuliwi na yeyote asipotaka mwenyewe. Ukiona Andre yuko hewani, ujue ameruhusu. Waliomkera ulingoni walijikuta wamekaliwa, na hakuna promota aliyekuwa na ubavu wa kupanda kumtoa.

Nyuma ya haya yote kulikuwa na ugonjwa. Andre hakuwa mrefu kwa bahati. Alikuwa na akromegali, maradhi yanayotokana na uvimbe kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo inamwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Mtoto anarefuka kuliko wenzake, na akishafika utu uzima mifupa ya uso, mikono na miguu inaendelea kunenepa. Viungo vinasagika na moyo unatanuka. Madaktari walimweleza, na njia za kuuzuia ugonjwa usiendelee zilikuwepo. Hakuzifuata. Aliishi na mwili aliokuwa nao, na mwili huo ndio ulikuwa mshahara wake.

Hapa sisi mashabiki ndipo tunapaswa kujiuliza maswali. Tulichokuwa tunakilipia kiingilio kilikuwa ni dalili za ugonjwa. Kila alivyozidi kuumwa, ndivyo alivyozidi kutisha, na ndivyo bango lilivyozidi kuuza. Viti vya ndege havikumtosha na choo cha ndege hakuweza kuingia. Simu za zamani za kuzungusha zilimshinda kwa sababu vidole havikuingia kwenye matundu, ikabidi atumie penseli. Hadithi za bia alizokunywa kwa usiku mmoja zinasimuliwa kwa kicheko hadi leo, na wachache wanakumbuka kuwa alikuwa na maumivu ambayo wengi wetu tusingeyavumilia hata wiki moja. Tunalijua hili kwenye mpira pia. Straika anachomwa sindano ya ganzi acheze fainali, tunashangilia bao lake, na miaka mitano baadaye akichechemea mtaani tunamwita mzembe aliyeshindwa kujitunza.

Mwaka 1986 mgongo ulikuwa umechoka kabisa, akafanyiwa upasuaji. Alikuwa pia Uingereza akiigiza filamu ya The Princess Bride, akicheza kama jitu lenye roho nzuri. Kwenye filamu hiyo kuna sehemu anampokea mwigizaji wa kike mikononi mwake. Binti huyo alishikiliwa kwa waya, kwa sababu Andre hakuweza kubeba uzito wake. Mtu aliyekuwa akirusha watu wa kilo 130 nje ya ulingo!

Kwa hali hiyo angeweza kustaafu. Vince McMahon, ambaye sasa alikuwa ameshika kampuni ya baba yake, alimfuata na kumweleza pambano moja la mwisho lililo kubwa kuliko yote. Andre atamgeuka rafiki yake Hogan, ataenda upande wa wabaya, na siku ya mwisho atapigwa mbele ya umati. Alikubali.

Machi 29, 1987, WrestleMania III, uwanja wa Pontiac Silverdome, Michigan. Wapenzi wa soka uwanja huu mnaujua. Ndio uliokuwa wa kwanza kuchezewa Kombe la Dunia chini ya paa, mwaka 1994, na ni pale Brazil ya Romario ilipotoka 1-1 na Sweden. Waandaaji wa mieleka walitangaza watu 93,173. Wapo waliochunguza na kusema walikuwa kama 78,000. Chukua hesabu unayotaka, uwanja ulijaa hadi juu.

Mkiulizana pambano bora la siku ile, wajuzi watawatajia Randy Savage na Ricky Steamboat, na hawajakosea. Kwa ufundi, la Andre na Hogan lilikuwa la polepole mno. Andre alivaa mkanda wa kushikilia mgongo chini ya vazi lake na kila hatua ilikuwa ya hesabu. Lakini watu hawakujaa Silverdome kwa ajili ya ufundi. Dakika za mwanzo Hogan alijaribu kumnyanyua, akaelemewa na kuangukiwa, uwanja ukaguna. Baadaye akajaribu tena. Safari hii Andre alipanda, akageuzwa hewani akiwa na mgongo uliotoka kupasuliwa muda si mrefu, akabamizwa chini. Hogan akaruka na mguu wake, refa akahesabu tatu.

Hogan mwenyewe kwa miaka mingi alisimulia kuwa hadi anaingia ulingoni hakuwa na uhakika kama mzee angekubali kuanguka. Angeweza kugoma. Angegoma, hakuna ambaye angefanya chochote, na biashara nzima ya mieleka tuliyoikuta kwenye televisheni ingechukua njia nyingine. Andre alimwachia. Umaarufu aliokusanya kwa zaidi ya miaka 20 aliukabidhi kwa mtu mwingine ndani ya sekunde chache, kwa hiari, na akalipa kwa mgongo wake.

Kwenye soka wakongwe wangapi wanakubali hivyo? Tunawajua waliogombania kitambaa cha unahodha mpaka vyumba vya kubadilishia nguo vikagawanyika, waliokataa kukaa benchi, waliopiga penalti ambazo kijana wa pembeni alistahili kupiga.

Baada ya hapo alizidi kushuka. Alitwaa mkanda wa timu akiwa na Haku, na mara nyingi Haku alifanya kazi yote huku Andre akisimama kwenye kona. Walipoteza mkanda huo Toronto, Aprili 1, 1990, na siku hiyohiyo akawageukia wabaya wenzake, mashabiki wakamshangilia tena. Aliendelea kupigana Japan hadi Desemba 1992, akitembea kwa shida.

Januari 1993 baba yake alifariki. Andre alikwenda Ufaransa kumzika, akabaki kidogo na mama yake. Usiku wa kuamkia Januari 28 alifariki usingizini kwenye hoteli mjini Paris, moyo ukiwa umeshindwa. Alikuwa na miaka 46, umri ambao makocha wengi ndio kwanza wanaanza. Majivu yake yalitawanywa kwenye shamba lake Ellerbe, North Carolina. Mwaka huohuo kampuni ya McMahon ilianzisha jumba lake la heshima, na jina la kwanza kuingia, peke yake, likawa lake. Tangu 2014 kuna pambano la kumbukumbu linalobeba jina lake.

Hogan naye alifariki Julai 2025, na Silverdome ilishabomolewa. Kilichobaki ni kanda na ubishi wetu. Anayesema Andre hakuwa bingwa wa ufundi kwenye miaka yake ya mwisho yuko sahihi. Anayesema rekodi zake zilipambwa yuko sahihi pia. Ila atafute kanda za Japan za mwanzoni mwa miaka ya 1970, amwone kijana yule akiruka, kisha aweke ile ya Silverdome na kumwangalia Andre akinyanyuliwa. Akimaliza, arudi kijiweni tuendelee.