Sebright: Mheshimiwa wa miaka 27 anayekumbukwa kwa sababu ya kuku

Hebu piga picha hii. Wewe ni mheshimiwa. Umekaa bungeni miaka 27, una shamba kubwa na cheo ulichoachiwa na baba. Kuna siku unasimama bungeni kuunga mkono mswada ambao unakuja kubadilisha jinsi nchi yenu inavyochagua viongozi. Halafu unakufa, na karibu miaka 180 inapita. Leo mtu akilitaja jina lako, mambo ya bunge hata hayamjii akilini. Anaongea kuhusu kuku.

Na si kuku wa maana, ukimuuliza mamangu. Jogoo wake ana uzito wa kama gramu 620 hivi. Broila wa wiki tano anamwacha mbali sana. Ukimchinja, huyo ni wa mtu mmoja na bado atalala njaa.

Jina la mheshimiwa ni Sir John Saunders Sebright, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka wa 1767. Kuku wake anaitwa Sebright hadi leo. Kama unafuga bantam, au una jirani anayewafuga juu ya paa la ploti kama wangu, tulia nikupe stori ya huyu mzee. Kuna kitu alikijua mapema sana kuhusu kuku warembo, na kuna bei ambayo kuku wake mwenyewe walikuja kuilipa.

Bantam ni nani hasa?

Bantam ni kuku wa umbo dogo. Jina limetokana na bandari ya Bantam, kisiwani Java, nchi tunayoiita Indonesia leo. Meli za wafanyabiashara wa Ulaya zilikuwa zikitia nanga pale, na jina la bandari likawaganda kuku wadogo. Ukisikia kwenye ndondi mtu anapigana uzani wa bantam, jina limetoka kwa kuku hawa hawa: mdogo, mwepesi, na haogopi mtu.

Bantam wengine ni toleo dogo la kuku mkubwa ambaye yupo. Sebright hana kaka mkubwa. Alitengenezwa akiwa mdogo na akabaki mdogo, na hapo ndipo mzee wetu anapoingia.

Kijana wa Beechwood

Baba yake Sebright alikuwa jenerali wa jeshi na mbunge pia. Alipofariki mwaka wa 1794, kijana akarithi cheo cha baroneti, akawa wa saba katika ukoo wao. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameoa mke aliyeitwa Harriet. Makao yao yalikuwa Beechwood, katika kaunti ya Hertfordshire, kaskazini mwa London.

Sasa, tuseme ukweli. Mtu wa aina hiyo angeweza kukaa tu akila kodi za wapangaji na kucheza kamari. Wenzake wengi walifanya hivyo. Sebright alipenda wanyama. Alifuga mbwa, njiwa na kuku, na alipenda kuwinda kwa kutumia kozi, yule ndege wa mawindo unayemfunza kukaa mkononi. Mwaka wa 1826 alichapisha kitabu kuhusu uwindaji huo, na mwaka wa 1836 akatoa kingine kuhusu silika za wanyama, yaani yale mambo mnyama anayajua bila kufunzwa na mtu. Wahenga wetu walishasema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Yeye alitaka kujua kwa nini hafunzwi.

Unyoya mmoja mmoja

Kuku aliyemtaka Sebright hakuwepo duniani. Alitaka bantam ambaye kila unyoya wake una rangi moja safi, ya dhahabu au ya fedha, na kuzunguka ukingo kuna mstari mwembamba mweusi. Si shingoni tu wala si mgongoni tu. Kila unyoya, kuanzia kichwani hadi mkiani. Ukimwona Sebright mzuri utadhani kuna fundi aliyekaa chini na kalamu ya wino akamchora usiku kucha.

Na bado kuna lingine. Jogoo wa kawaida unamjua: manyoya marefu yaliyochongoka shingoni, na mkia uliopinda kama mundu. Jogoo wa Sebright hana hayo. Amevaa manyoya ya mviringo kama ya tetea. Ukitaka kujua ni jogoo, mtazame upanga wake kichwani au ngoja awike.

Alimpataje? Charles Darwin, yule mwanasayansi wa mageuko ya viumbe, aliandika kwamba kazi hii ilianza karibu mwaka wa 1800. Bantam wa kawaida alichanganywa na kuku wa kishungi wanaoitwa Polish, kisha uzao wao ukachanganywa na bantam ambaye jogoo wake alikuwa na mkia kama wa jike, halafu kukawa na kuchagua, kuchagua na kuchagua tena.

Hapo kwenye kuchagua ndipo wengi wetu tungeshindwa. Unatamisha mayai, unangoja siku 21 hivi, vifaranga wanatoka. Huwezi kujua uko na nini mpaka wakue na wavae manyoya ya ukubwani. Miezi inapita. Kati ya wote, labda wawili ndio wanakaribia unachotaka. Wale wengine unawatoa. Mwaka unaofuata unaanza tena na hao wawili. Sebright alikuwa na kawaida ya kusema, akizungumzia njiwa, kwamba unyoya wowote utakaoutaka angekupa kwa miaka mitatu, lakini kichwa na mdomo vingemchukua miaka sita.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo lile swali la hii kitu itakuletea nini nalijua vizuri sana. Nimeulizwa na shangazi, nimeulizwa na kinyozi. Nashuku Sebright hakuulizwa sana, juu alikuwa na pesa, na tajiri akipoteza muda huwa inaitwa hobi. Lakini hata tajiri hawezi kumharakisha kifaranga. Miaka alilipa kama mtu mwingine yeyote.

Barua ya 1809

Mwaka wa 1809 Sebright alimwandikia barua Sir Joseph Banks, mkuu wa Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza. Barua hiyo ilichapishwa kama kijitabu kuhusu namna ya kuboresha mifugo. Ni kijitabu kidogo, lakini kina mambo mazito.

La kwanza, alisema usichukue tu dume bora na jike bora ukawaweka pamoja ukadhani umemaliza. Angalia kasoro za huyu na kasoro za yule. Kama jogoo ana miguu mirefu mno, mtafutie jike ambaye hapo yuko sawa. Wawili wenye kasoro moja watakuzalia kasoro hiyo hiyo, na wataizidisha.

La pili, alisema baridi kali au uhaba wa chakula huwaondoa wanyama dhaifu na wagonjwa, hivyo maumbile yanafanya kazi ile ile ya mfugaji hodari. Kumbuka Darwin alizaliwa mwaka huo huo wa 1809. Alipokua alikisoma kijitabu hiki, na wazo hilo linakaa jirani kabisa na lile lililompa Darwin jina.

La tatu ndilo linaloniuma. Sebright alikuwa amejaribu mara nyingi kuzalisha ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi. Alijaribu kwa mbwa, kwa kuku na kwa njiwa. Mbwa wake wa kuwinda, wenye nguvu, waligeuka kuwa vijibwa dhaifu vya kupakatwa. Kuku wakawa na miguu mirefu, miili midogo, na kuzaa kukawa shida. Akawaonya wafugaji waziwazi: damu ikizunguka ndani ya familia moja tu bila kuongezwa nyingine, mifugo itaharibika.

Chama, maonyesho na siasa

Kuku walipokuwa tayari kuonekana, Sebright na wenzake waliunda chama chao, katika miaka ya 1810. Walikuwa wakikutana kila Februari katika mkahawa mmoja wa London, kila mtu na ndege wake, wakilinganisha ukingo wa unyoya na kupima uzito kwa mizani. Wapenzi wengi wa kuku husema hicho ndicho chama cha kwanza kabisa cha aina moja ya kuku. Wakati huo Waingereza wengi bado walikuwa wakipiganisha majogoo kwa pesa. Sheria ya kupiga marufuku mchezo huo ilikuja mwaka wa 1835.

Na bunge je? Aliingia mwaka wa 1807 kuwakilisha Hertfordshire, akatoka 1834. Alipinga vyeo vya bure, zile kazi ambazo mtu analipwa bila kufanya kitu. Tarehe 1 Machi 1831, Lord John Russell alipoomba ruhusa ya kuleta mswada wa mageuzi ya uchaguzi, Sebright ndiye aliyesimama kumuunga mkono. Nchi ilikuwa na maajabu wakati huo. Mahali panapoitwa Old Sarum palikuwa kama kilima kitupu, na palikuwa na wabunge wawili, huku mji mkubwa wa viwanda kama Manchester hauna wake hata mmoja. Mswada ulipita mwaka wa 1832 na Old Sarum ikafutwa.

Nyumbani alijenga shule na kuweka pesa za kuiendesha, akajenga pia nyumba za maskini wa parokia ya Flamstead. Alifariki Aprili 1846, akiwa na miaka 78. Mwaka uliotangulia, 1845, maonyesho makubwa ya kuku yalikuwa yamefanyika katika bustani ya wanyama ya London. Mchezo wa watu wachache mkahawani ulikuwa umeanza kuwa wa umma.

Viota viwili

Sasa rudi kwa ile barua. Mzee aliondoka, kuku wakabaki mikononi mwa wapenzi wao, na wapenzi walitaka ule mstari mweusi uwe mwembamba zaidi, mwili uwe mdogo zaidi. Njia ya mkato unaijua: chukua kaka na dada waliotoka vizuri, warudishe pamoja. Sebright mwenyewe alitumia njia hiyo kumtengeneza kuku wake, na waliomfuata waliitumia zaidi.

Darwin aliandika kwamba aliwaona kwa macho yake bantam wa rangi ya fedha waliotoka moja kwa moja kwenye kundi la Sebright. Walikuwa wameatamia viota viwili vilivyojaa mayai. Mwaka huo, kwenye viota vyote viwili, hakikuanguliwa hata kifaranga kimoja. Kuku warembo kiasi hicho, na chini yao mayai viza matupu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hata yale manyoya ya jike kwenye jogoo yalikuwa na siri yake. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Mmarekani Thomas Hunt Morgan aliwahasi majogoo wa Sebright, nao wakaota manyoya kamili ya kijogoo. Baadaye ikajulikana kwamba ngozi ya kuku huyu inageuza homoni ya kiume kuwa ya kike. Wafugaji wa zamani hawakuwa na lugha hiyo, lakini walishaona kwamba jogoo mwenye mkia mrefu kidogo, yule ambaye hangeshinda maonyesho, mara nyingi ndiye anayezalisha vizuri. Wengine walimweka nyuma ya nyumba kama jogoo wa mbegu.

Sebright bado wapo, Ulaya, Marekani na kwingineko, na bado wana sifa ya kutotoa vifaranga wengi. Wanaotaka waendelee kuwepo wanalazimika kutafuta jogoo kutoka kundi la mbali, hata kama ukingo wa manyoya utaharibika kwa kizazi kimoja au viwili.

Jirani yangu wa paani hana Sebright. Ana bantam wa kawaida, wekundu, wazuri, na wote ni uzao wa jogoo mmoja na koo mmoja aliowanunua miaka minne iliyopita. Hataki jogoo wa nje, eti atamharibia rangi. Mwezi uliopita koo mmoja aliatamia mayai tisa, wakatoka wawili, na mmoja wao hakumaliza wiki. Inaweza kuwa baridi, inaweza kuwa bahati mbaya. Lakini nilipanda juu nikamsimulia habari za viota viwili, nikamwachia hapo.

Nawe ukienda kununua jozi yako ya kwanza, kabla ya kuuliza bei, muulize anayekuuzia kama hao wawili wametoka kiota kimoja. Akisema ndiyo, mchukue mmoja tu, mwingine umtafute mtaa wa pili.