Joseph Thomson: Mwanajiolojia aliyemnyima Sultani jibu alilolitaka

JOSEPH Thomson alikuwa na umri wa miaka 21 tu pale msafara mzima ulipoangukia mikononi mwake. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki dunia kwa kuhara damu huko Behobeho Juni 1879, wiki chache baada ya kuondoka Dar es Salaam.

Mzaliwa huyo wa Penpont, Scotland, aliyesomea jiolojia Edinburgh, hakurudi nyuma. Akisaidiwa na Chuma, mmoja wa waliouleta mwili wa Livingstone pwani, alifika Ziwa Nyasa, kisha akavuka nyanda za juu kuelekea Ziwa Tanganyika, nyanda ambako leo umesimama mji wa Tunduma. Mwaka 1880 aliliona Ziwa Rukwa kutoka milimani, akalipa jina la Leopold, ambalo halikudumu.

Sifa zake zilimfikia Sultani Barghash wa Zanzibar, mwenye meli za moshi na kiu ya makaa ya mawe. Mwaka 1881 alimwajiri Thomson kuchunguza habari za makaa katika nchi ya Mto Ruvuma. Thomson alifika penyewe, akayachunguza mawe. Yalikuwa mwambatope wenye lami, si makaa. Angeweza kumpendeza mwajiri wake kwa maneno matamu, lakini alisema kweli. Sultani hakufurahi.

Baadaye Thomson alipita nchi ya Wamasai, 1883-84. Alifariki London Agosti 2, 1895, akiwa na miaka 37.

Hukumu yake ilihusu mawe aliyoyaona kwa macho. Yaliyo chini sana hakuwa na chombo cha kuyafikia. Karne moja baadaye, mwaka 1982, gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay, Mtwara, katika bonde la miamba la Ruvuma.

Huko Rukwa, kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili mwaka 1987, Ivuna na Galula, maeneo yaliyo sasa mkoani Songwe. Mafuta ya kibiashara hayakupatikana. Hata hivyo, visima viwili ni vichache mno kufunga hesabu ya bonde kubwa namna ile, na mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwapo kwa gesi ya heliamu.

Waliotoa ahadi za utajiri kabla ya kupima wamekuwa wengi. Thomson anakumbukwa kwa kuukataa mtego huo, ijapokuwa mlipaji alikuwa Sultani mwenyewe.