Daktari aliyeongoza jimbo bila kuacha kupima wagonjwa

Julai 1, 1962, Dk Bidhan Chandra Roy alitimiza miaka 80. Wengine siku kama hiyo hupumzika, yeye aliona wagonjwa asubuhi na kushughulikia mambo ya serikali kama kawaida. Siku hiyo hiyo akafariki dunia.

Alikuwa waziri kiongozi wa Bengal Magharibi, jimbo la mashariki mwa India, na alikuwa amekaa kwenye kiti hicho kwa zaidi ya miaka 14. Tangu 1991, India huadhimisha Siku ya Madaktari kila Julai 1 kwa ajili yake.

Lakini je, daktari bingwa anaweza pia kulitibu jimbo zima? Maisha yake yana majibu mawili.

Alikataliwa, akarudi tena

Roy alizaliwa 1882 mjini Patna. Baada ya kumaliza udaktari Calcutta (sasa Kolkata), mwaka 1909 alisafiri hadi London akiwa na rupia 1,200 tu, akitaka kusoma katika hospitali ya St Bartholomew's.

Mkuu wa chuo hakutaka mwanafunzi kutoka Asia, akamkatalia. Roy akaomba tena, akakataliwa tena. Inasimuliwa kwamba aliomba mara 30 hivi ndipo mlango ukafunguliwa.

Akawajibu kwa matokeo. Ndani ya miaka miwili na miezi mitatu alipata sifa mbili za juu kabisa za udaktari wa Uingereza: ubingwa wa magonjwa ya ndani na ubingwa wa upasuaji. Kuzipata zote mbili kwa muda mfupi hivyo si mchezo.

Mwaka 1911 akarudi nyumbani kutibu na kufundisha. Alishiriki kuanzisha hospitali ya kifua kikuu ya Jadavpur, na mwaka 1926 ikafunguliwa Chittaranjan Seva Sadan, hospitali ya kina mama na watoto.

Siasa yaanza, Gandhi awa mgonjwa wake

Mwaka 1923 aligombea ubunge wa baraza la Bengal kama mgombea huru. Mpinzani wake alikuwa Surendranath Banerjea, mmoja wa wazee wakubwa wa siasa za India. Daktari asiye na chama akamwangusha.

Baadaye akajiunga na harakati za uhuru za chama cha Congress. Mwaka 1930 Waingereza wakamfunga jela. Alipotoka, akawa Meya wa Calcutta kuanzia 1931 hadi 1933.

Wakati huo huo alikuwa akimtibu Mahatma Gandhi. Gandhi alipofunga kula mjini Poona mwaka 1933, Roy alikuwa pembeni yake. Inasimuliwa kwamba Gandhi aligoma kutibiwa, akihoji iwapo daktari huyo huwatibu bure Wahindi wote milioni 400. Roy akamjibu kwamba hakuja kumtibu mtu mmoja, amekuja kumtibu anayewawakilisha wote hao. Mzee akakubali dawa.

Mgonjwa mwenye vidonda vingi

India ilipata uhuru Agosti 1947, lakini Bengal ikakatwa vipande viwili. Upande wa mashariki ukawa sehemu ya Pakistan, leo ni Bangladesh. Katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walivuka mpaka bila kitu. Kituo cha treni cha Sealdah, Calcutta, kikageuka makazi ya familia zisizo na pa kwenda.

Roy alitaka kubaki na udaktari wake, Gandhi akamshawishi. Januari 1948 akawa waziri kiongozi. Alikubali kazi, ila hakuacha wagonjwa: kila asubuhi aliwapima watu bure kabla ya kwenda ofisini.

Alipanga miji mipya. Durgapur ukawa mji wa chuma, Kalyani ukajengwa kupunguza msongamano wa Calcutta, na wazo la mji wa Salt Lake, uliojengwa kwenye eneo la kinamasi, lilikuwa lake. Leo mji huo unaitwa Bidhannagar, yaani mji wa Bidhan.

Hata sinema ina deni kwake. Kijana mmoja, Satyajit Ray, aliishiwa pesa akitengeneza filamu yake ya kwanza, Pather Panchali. Serikali ya Roy ikatoa fedha. Kwa kuwa jina hilo lina maana ya wimbo wa barabara, fedha hizo ziliandikwa kwenye vitabu kama za kuboresha barabara! Filamu ilitoka 1955 na mwaka uliofuata ikapata tuzo Cannes.

Pale dawa ilipogoma

Sasa upande wa pili. Mwaka 1953 kampuni ya tramu ya Calcutta, mali ya Waingereza, ilipandisha nauli kwa paisa moja tu, sarafu ndogo sana. Serikali ikakubali. Wananchi wakaingia barabarani, tramu zikachomwa, watu wengi wakakamatwa. Mwisho nauli ikarudi pale pale.

Kwenye uchaguzi wa 1957 Roy aliponea chupuchupu, akashinda kwa kura mia chache tu.

Kibaya zaidi kilikuja Agosti 31, 1959. Mchele ulikuwa umepanda bei, watu wana njaa. Maelfu waliandamana Calcutta kudai chakula, polisi wakawashukia kwa virungu. Upinzani ulisema waliouawa ni 80. Wengi wao walikuwa watu maskini kutoka vijijini, wa aina ile ile aliyoipima bure asubuhi.

Doa hilo halikufutika. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwa Jyoti Basu, mkomunisti ambaye kuanzia 1977 aliliongoza jimbo hilo kwa miaka 23.

Alichoacha

Mwaka 1961 Roy alipewa Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya raia nchini India. Hakuwahi kuoa. Nyumba yake aliitoa iwe kituo cha tiba, kikapewa jina la mama yake, Aghorkamini Devi.

Mgonjwa mmoja mmoja, Roy alimweza. Njaa ya jimbo zima ilikuwa ugonjwa mwingine: haukutibika chumbani kwake asubuhi, ulihitaji mchele kufika sokoni kwa bei ambayo maskini angeimudu.