Baden-Powell wetu alianzia majini

Wasee wa Majengo, kaburi la Baden-Powell mnalijua, lile lenye duara na kitone katikati. Watu humkumbuka kwa mahema na moto wa kambi, lakini jamaa alianzia majini.

Alizaliwa London 1857, akafiwa na babake akiwa na miaka 3. Kakake mkubwa Warington, shabiki sugu wa mitumbwi, ndiye aliyemfunza bahari. Wakiwa vijana, ndugu hao waliupanda mto Thames kwa mashua, wakaendelea hadi wakatokea Wales. Ya Mafeking na siku 217 za kuzingirwa mmeyasikia sana, niyaruke.

1907 alifanya kambi ya kwanza ya maskauti kisiwani Brownsea. Baadaye wakaja maskauti wa baharini, na 1912 Warington akawaandikia kitabu. Mwaka huo huo, Agosti 4, mashua ya maskauti wa Walworth, London, ilipigwa na upepo wa ghafla karibu na Leysdown, ikapinduka. Watoto 9 walizama. Churchill alituma meli ya kivita kuleta miili.

Na hiyo ilikuwa mashua ya wazi. Kwenye kayaki, kama zile za Sagana, unaweza kuwa umefungiwa hadi kiunoni. Ikipinduka, inama mbele, vuta kitanzi cha kile kitambaa kinachoziba tundu la kukalia, jisukume nje kwa mikono, halafu ishikilie kayaki. Zoezi hilo lifanyie maji yaliyotulia, mwalimu akiwa kando.

Mzee alihamia Nyeri 1938, akaishi Paxtu, pale Outspan, hadi alipofariki Januari 8, 1941. Bahari ya karibu ilikuwa Mombasa.